Wasomaji Wanauliza: Damu Juu ya Theluji

Salaam, mhariri. Hapa Ujiji kibanda umiza kimetuonyesha Kill Bill. Jamaa mmoja anabisha kwamba yote imechotwa kwenye manga (hadithi za michoro) ya Kijapani. Ni kweli?

Yote hapana, ila Tarantino, mwongozaji wa Kill Bill, kachota kwa ndoo. Manga yenyewe ni Shurayukihime ya 1972 na 1973: hadithi ya Kazuo Koike, michoro ya Kazuo Kamimura. Yuki, mhusika mkuu, anazaliwa gerezani, na mama yake kamzaa kwa kusudi moja tu, alipize kisasi. Mwaka 1973 Toshiya Fujita akaitengenezea sinema, Lady Snowblood, Meiko Kaji akiwa Yuki mwenye upanga ndani ya mwavuli.

Linganisheni sinema hizo mbili: hadithi imekatwa sura sura, wabaya wanafuatwa mmoja mmoja, na ya zamani yanasimuliwa kwa michoro. Fujita aliweka michoro ya manga, Tarantino akaweka katuni ya utoto wa O-Ren, mmoja wa maadui katika Kill Bill. O-Ren anapigana kwenye theluji kavaa kimono nyeupe, na akishakufa unaopigwa ni wimbo wa Kaji mwenyewe, Shura no Hana. Kilichoachwa ni siasa. Wabaya wa Koike wanakamua wanakijiji waliotishwa na uandikishaji wa jeshi zama za mfalme Meiji wa Japani, na hapo kwangu manga bado iko juu.

Nimepata manga kwenye simu, mtu anakufa kabla hajapigwa! (Kasulu)

Unasoma kinyume. Anza kulia juu, nenda kushoto, kisha shuka.

Shikamoo mhariri. Sisi vijana wa Mwanga, Kigoma, tunarekodi filamu fupi. Damu yetu inaonekana ya waridi na hairuki kama ya Wajapani.

Marahaba. Uwaridi unatokana na rangi ya chakula kuwa peke yake. Chemsheni sukari vikombe 2 kwa maji kikombe 1 mpaka iyeyuke, ipoe. Tieni rangi nyekundu kijiko cha chai 1, na kakao kijiko cha chakula 1 iliyokorogwa pembeni kwa maji ya moto. Ya kupaka iacheni nzito. Ya kurusha ongezeni maji kiasi kilekile, mchuje kwa kitambaa, maana punje za kakao ndizo zinazoziba.

Nunueni bomba jipya la kupulizia dawa, lita 2. Lililowahi kutiwa dawa ya wadudu msiliguse. Ng'oeni ncha yake, la sivyo mtapata ukungu badala ya mruko. Fungeni mpira wa dripu, upite ndani ya mkono wa nguo, utokee mbali na uso. Kabla ya kurekodi ruhusuni damu ifike mwisho wa mpira, mfunge. Hewa ikibaki humo, itakohoa kwanza halafu ndipo iruke.

Theluji msiitafute. Kinachofanya kazi pale ni weupe, hivyo ukuta wa chokaa na kanzu nyeupe vinatosha. Rekodini asubuhi mapema, jua la saa sita linaufifisha wekundu. Wekeni kanzu 3, kila moja inabeba jaribio moja tu. Na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema, kabla hajapigiwa simu kwamba kuna mtu kachinjwa.