Huwezi kusafiri? Chagua mahali pamoja, kwingine kuache

Ukishikwa na hamu ya kusafiri na huku huna njia, kitu cha kwanza cha kuweka mbali ni simu. Najua ndicho cha kwanza unachokishika. Usiku umelala chali, kidole kinapanda na kushuka, mara Istanbul, mara Bali, mara binamu yako yuko Dubai amesimama chini ya jengo refu, na ukija kuzima taa hamu imezidi kuliko ulipoanza. Kuona miji kumi kwa dakika moja hakumfikishi mtu popote. Kunamkumbusha tu kwamba yuko kitandani.

Mimi sisafiri kwa sababu ya mama. Ana kisukari, macho yamepungua nguvu, na sindano yake ya jioni namchoma mimi. Ndugu zangu wako Nairobi na Doha. Hutuma pesa, nawashukuru, ila sindano haitumwi kwa M-Pesa. Kwa hivyo safari yangu yoyote sharti iishe kabla ya magharibi. Wewe huenda sababu yako ni mtoto mchanga, au kazi isiyo na likizo, au pesa tu. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa viza hurudishiwi. Sababu iwayo yote, ushauri wangu ni mmoja: chagua mahali pamoja ukae napo kwa miezi. Nasema mahali pamoja hasa, si bara zima wala orodha ya nchi za kuona kabla ya kufa.

Muda naupima kwa pepo. Sisi wa pwani tuna kalenda ya safari tuliyoikuta tayari: kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kisha kusi, inayoshika nguvu katikati ya mwaka, ya kuwarudisha kwao. Watu husahau kwamba kati ya kufika na kuondoka palikuwa na miezi ya kukaa. Nahodha aliyeshusha tende na mazulia hapa hakuweza kugeuza jahazi kesho yake. Alikwama. Wafanyabiashara walikodi vyumba, wakajua samaki wa asubuhi anauzwaje na wa jioni anauzwaje, na wengine wakaoa wasiondoke tena. Kumbe hata wasafiri wenyewe, sehemu kubwa ya safari yao ilikuwa kukaa mahali wakingoja. Tangu nilifikirie jambo hilo, kukaa kwangu Mombasa hakunioneshi tena kuwa mimi si msafiri.

Kaskazi iliyopita nilikuwa, kwa mawazo tu, Shibam, mji wa Hadhramaut kule Yemen. Nilipachagua kwa sababu mbili. Kwanza, Mombasa huwezi kuitaja Hadhramaut ukakosa mtu mwenye asili ya huko. Yale majina yanayoanza na Ba yamejaa kwenye mabango ya maduka mjini mwetu. Pili, Yemen ina vita, na hata ningeokota tiketi barabarani nisingekwenda. Hili la pili lina faida yake. Mahali usipoweza kwenda kwa vyovyote hapakuumizi kwa bei za ndege.

Shibam ni mji wa ghorofa za udongo. Si vibanda, ni majumba marefu ya tofali za udongo na majani makavu zilizoanikwa juani, mengine yanafika ghorofa saba, yamesongamana ndani ya ukuta mmoja katikati ya bonde. Mengi ni ya karne ya 16. UNESCO iliuorodhesha mji huo mwaka 1982, na mwaka 2015 ukatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hayo yote utayasoma kwa dakika tano na yatakutoka kwa dakika tano nyingine. Kwa hiyo usiishie kusoma. Tazama picha moja, moja tu, mpaka uchoke, kisha ifunike na uichore nyumba kwa penseli ukianzia chini. Sikuambii uwe mchoraji. Nyumba zangu mimi zimeinama zote. Lakini ukifika ghorofa ya pili mkono unasimama, kwa sababu hujui ndani mna nini. Nikaenda kutafuta: chini ni ghala za nafaka na mahali pa mifugo, juu ndiko wanakokaa watu, na huko juu kuna milango ya kutokea nyumba moja hadi nyingine, mtu aweza kumtembelea jirani bila kushuka barabarani. Hapo maswali yakaanza kuja yenyewe. Maji yalipandaje? Maiti hushukaje? Mvua ikinyesha udongo unafanywaje? (Hupakwa upya, na juu kabisa hupigwa chokaa ili maji yasipenye. Mafuriko ya 2008 yaliharibu vibaya bonde zima.) Mtu mwenye maswali kuhusu mji tayari ana mguu mmoja huko.

Katikati ya msimu nilichepuka hadi Sanaa kwa njia ya chungu. Chakula chao cha mchana ni salta: mchuzi mzito wa nyama na mboga unaoletwa ukitokota ndani ya chungu cha jiwe, na juu yake povu la uwatu. Uwatu unaupata Marikiti bila kuhangaika, kwa wale wale wauza viungo wanaokupimia bizari ya pilau. Usiutumie mzima. Usage, uroweke saa kadhaa hadi uvimbe, umwage maji ya juu yenye uchungu, kisha uupige kwa mkono mpaka ugeuke mweupe na kufura. Mkono utauma. Ukidhani umemaliza, endelea. Pembeni utwange nyanya, pilipili mbichi, kitunguu saumu na giligilani, uchanganye na lile povu, umimine juu ya mchuzi ukiwa bado jikoni, na ule kwa mkate, si kwa kijiko. Chungu cha jiwe sina. Nilitumia chungu chetu cha udongo na hakuna aliyelalamika. Mama alinusa akauliza, "Hiki ni chakula au kuna mtu amejifungua?" maana kwake uwatu ni wa wazazi tu. Alikula na akaongeza.

Sipendi ushauri ule wa kununua ubani na mishumaa na kuweka muziki wa nchi fulani nyuma ya pazia. Hiyo ni mapambo. Chakula ni tofauti kwa sababu kinakutaka uende sokoni, uulize, ukosee kipimo, mtu akurekebishe. Safari nayo ni hivyo hivyo.

Nenda pia kwa watu. Mombasa bado kuna wazee waliofanya kazi melini, na utawakuta barazani Mji wa Kale baada ya alasiri, mbele ya birika la kahawa tungu. Nunua kahawa, kaa, usiwe na haraka, na usitoe simu kurekodi. Kosa la wengi ni kuuliza, "Ami, uliona nini huko?" Swali kubwa hilo, litakupa jibu la kitabuni: majengo makubwa, baridi kali, watu wengi. Uliza mambo madogo. Siku ya kwanza mlikula nini? Viatu vya baridi mlivipata wapi? Barua zilikuwa zikiwafikiaje? Mzee mmoja aliniambia habari ya bandari ya Karachi kwa kunieleza jinsi walivyokuwa wakikausha nguo tu, na mpaka leo naiona Karachi kwa kamba zile.

Kuna njia nyingine inayonifaa siku ambazo sina hata saa mbili: kuugeuza mji wangu mwenyewe kuwa ugenini. Huhitaji kujilazimisha kuona maajabu. Azima macho ya mtu aliyekuja kweli. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita hapa akitoka Mogadishu akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja. Usiku mmoja! Katika muda huo alitambua kwamba watu wa kisiwani hula zaidi ndizi na samaki, kwamba nafaka huletwa kutoka nje ya kisiwa, kwamba misikiti ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba mlangoni mwa msikiti kuna kisima kifupi cha dhiraa moja au mbili na kata ya mti yenye mpini. Mtu huosha miguu, akaikausha kwenye mkeka wa mlangoni ndipo aingie. Alitaja hata tunda lenye kokwa linalofanana na zeituni, tamu sana, na kwa maelezo yake mimi sisiti kusema ni zambarau. Sasa chukua maneno yake hayo, ingia Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale, na jipe kazi yake: una mji huu mpaka kesho asubuhi tu, utaandika nini? Nimepita mbele ya Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, tangu utotoni, na siku niliyokuwa na kazi hiyo ndipo niliposimama mbele ya ule mnara wake na kuona umbo lake la pia: mweupe, mnene chini, unachongoka juu. Na zambarau bado zinauzwa kandokando ya njia msimu wake ukifika.

Ngome ya Yesu siiongezei neno, kila mtu ataitaja.

Meli, hizo nazitaja. Nenda Mama Ngina jioni, nunua muhogo wa kukaanga utiwe ndimu na pilipili, kaa upande wa mlango wa bahari. Mkondo wa kuingilia Kilindini ni mwembamba, meli ya makontena inapita karibu mno hadi unawaona mabaharia wakiegemea reli. Soma nyuma yake, chini ya jina: kumeandikwa bandari ya usajili. Utasoma Monrovia, Majuro, Panama, Valletta. Usidanganyike, huenda meli hiyo haijatia nanga Monrovia hata siku moja. Imesajiliwa huko kwa sababu ya ada na masharti. Ukitaka kujua ilikotoka kweli, hapo simu nairuhusu: andika jina lake katika MarineTraffic, tovuti ya kufuatilia meli, uone bandari iliyotoka na inakokwenda. Mimi huchagua moja, nikaiandika daftarini, nikaendelea kuiulizia wiki zinazofuata. Unajikuta unajali hali ya hewa ya mahali ambapo hukuwa na habari napo.

Feri ya Likoni nayo ni safari, na anayetembea kwa miguu halipi kitu. Ila nenda Jumapili asubuhi. Ukimwambia mtu anayevuka kila siku saa kumi na moja jioni, kabanwa kati ya mkokoteni na pikipiki, kwamba wewe umekuja kuburudika na kivuko, utajibiwa unavyostahili.

Ukipata siku nzima, kuna Rabai alikojenga mmisionari Krapf mwaka 1846, na Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa, magofu ya mawe ya karne ya 14 yenye bahari mbele yake. Au panda matatu usiyowahi kupanda, ushuke stendi ya mwisho, ukae kwenye kibanda cha chai. Mtu wa pale atakuuliza, "Wenda wapi?" na hutakuwa na jibu. Hisia hiyo ndogo ya kutojulikana na mtu, kwangu mimi, ndiyo niliyokuwa nikiitafuta Istanbul.

Sitakudanganya kwamba hamu huisha. Ndugu yangu akituma picha za uwanja wa ndege, na kikombe chake cha kahawa, na mguu wake juu ya sanduku, bado naona wivu, na siku hiyo sichori nyumba ya mtu. Naoga, nalala. Usijilaumu kwa siku hizo, na usimtupie mgonjwa wako maneno. Yeye hakuchagua.

Kwa yule asiyeweza hata kutoka mlangoni, kuna Radio Garden mtandaoni. Ni ramani ya dunia yenye vitone vya kijani, kila kitone ni mahali penye redio. Ukigusa unasikia wanachotangaza saa hiyo hiyo. Redio haikuoneshi kitu, kwa hiyo kichwa chako kinafanya kazi. Baada ya sindano ya jioni huwa tunaiwasha. Mama hupenda taarifa za hali ya hewa kwa lugha asizozijua, na hukisia kama mvua itanyesha.

Kusi hii nilikuwa nimeshaanza kusoma habari za Mandvi, kule Kutch nchini India, wanakounda majahazi ya mbao hadi leo. Mama kakataa. Anasema zamu ni yake, na yeye anataka Ngazija, kisiwa cha Komoro: mlima Karthala unaotoa moto, mashamba ya mlangilangi, na zaidi ya yote mataba, kisamvu chao cha nazi, ambacho aliwahi kukila kwa jirani akiwa msichana na hajakisahau. Tumekubaliana Ngazija. Kama uko Mombasa na unaijua mataba kwa mkono wa kwao, niandikie, hasa kuhusu kipimo cha nazi na muda wa kutwanga.