Soma jibu kabla ya kulihifadhi

Ukianza kuandika majaribio ya programu, hutakawia kukutana na njia hii: badala ya kuandika kwa mkono jibu unalolitarajia, unaiendesha fanksheni mara moja, unalihifadhi jibu lake kwenye faili, kisha kila jaribio linalofuata linalinganishwa na faili hiyo. Jest, zana ya majaribio ya JavaScript, huyaweka majibu kwenye faili za .snap; wanaoandika kwa lugha ya Go huyaweka kwenye folda ya testdata. Naipenda njia hii, hasa jibu likiwa JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) ya mistari mia tatu ambayo hakuna awezaye kuiandika kwa mkono bila kukosea.

Ila faili ile inakumbuka tu kile programu ilichosema siku ile. Kama ilikosea, kosa ndilo limekuwa kipimo.

Mimi yalinikuta. Nilibadilisha kichwa cha ripoti na, humo humo, namna inavyosoma tarehe. Majaribio yakafeli kwa wingi, nikaendesha jest -u, amri inayoandika majibu mapya juu ya yale yaliyohifadhiwa, yote yakapita. Faili zaidi ya arobaini zilibadilika na sikufungua hata moja. Ndani ya moja, 1 Machi ilikuwa imegeuka 29 Februari. JavaScript ikipewa "2024-03-01" tupu huichukua kuwa saa sita usiku ya UTC (saa za kimataifa), na kompyuta ambayo saa zake ziko nyuma ya UTC huonyesha siku iliyotangulia. Mtumiaji ndiye aliyekuja kutuambia. Jaribio lilikuwa limeliona kosa kabla yake, nami nikalinyamazisha.

Kwa hiyo weka faili za majibu kwenye Git, inayotunza historia ya mabadiliko, pamoja na kodi, na kabla ya kukubali mabadiliko soma git diff, inayoonyesha kilichobadilika, mstari kwa mstari. Jibu likiwa refu mpaka unachoka kulisoma, hifadhi sehemu unayoijali tu.

Saa ya sasa na namba za nasibu zipe thamani isiyobadilika, la sivyo jibu halitalingana na faili hata kama hakuna kosa. Katika Python, set (mkusanyiko usio na mpangilio) ya maneno inaweza kutoka kwa mpangilio tofauti kila unapoiendesha programu, basi ipitishe kwanza kwenye sorted, inayoipanga. Desimali zilinganishe kwa kuruhusu tofauti ndogo, maana 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004.

Kwenye seva inayoendesha majaribio, hakikisha --ci, chaguo la Jest linaloizuia kuandika majibu mapya yenyewe, imewashwa. Bila hiyo, mwenzako akisahau kuingiza faili kwenye Git, Jest huandika jibu jipya pale pale, na jaribio linapita bila kulinganishwa na chochote.