Jibu: Kaunta moja ya huduma katika ofisi ya mashtaka ya Indonesia inasimama juu ya sheria ipi?

Ndugu, umeuliza sheria gani inaruhusu ofisi ya mashtaka ya Indonesia kuweka huduma zake zote kwenye kaunta moja. Anza na Sheria Na. 25 ya 2009 kuhusu huduma kwa umma. Kifungu cha 9 kinaruhusu mfumo wa huduma jumuishi, na Kanuni ya Serikali Na. 96 ya 2012 inaufafanua. Wengi hukimbilia Kanuni ya Rais Na. 97 ya 2014, kuhusu huduma jumuishi ya mlango mmoja. Mimi nisingeitanguliza, kwani hiyo inahusu zaidi leseni na vibali.

Mamlaka ya ofisi yenyewe yanatoka kwingine: Sheria Na. 16 ya 2004, iliyorekebishwa na Na. 11 ya 2021. Haki ya mwananchi kupewa taarifa imo katika Na. 14 ya 2008.

Sasa mtazame dereva aliyekamatwa kwa kosa la barabarani. Leseni yake imeshikiliwa kama kielelezo. Akishalipa faini, anaifuata kwa waendesha mashtaka. Pale kaunta anastahili kujua mapema alete karatasi gani, asubiri muda gani, na kama kuna malipo. Si hisani ya karani: kifungu cha 21 cha sheria ile ya 2009 kinataka viwango vya huduma vitaje hayo yote, na cha kwanza kabisa kutajwa ni msingi wa kisheria. Ukiandika utafiti wako, kaa sana hapo, maana ndipo mwananchi anapopata cha kushika akizungushwa.