Kikao cha simu hakiungi mfupa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mtoto akivunjika mfupa, kwenu nani anaamua apelekwe wapi?" Najua wengi watajibu baba, na wengine watasema bibi. Mimi najibu kwa niliyoyaona Chamwino, mkoani Dodoma: kwetu anaamua mwenye nauli mkononi, awe nani awe nani. Anayestahili kuamua ni yule aliyemshika mtoto wakati huo. Kwa bahati mbaya hao mara nyingi ni watu wawili, na katikati yao ndipo muda unapopotelea.

Mtoto ninayemsema ni wa kaka yangu. Anasoma darasa la pili Dar es Salaam, na likizo huletwa kwa bibi yake kijijini. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 wala hawafikirii mara mbili: anapandishwa asubuhi na mtu wanayemfahamu, mchana yuko kwetu anauliza punda wako wapi. Kwa mtoto wa Dar punda ni mnyama wa kwenye kitabu. Kwetu punda ndiye gari la maji, madumu mawili kulia na mawili kushoto, na wavulana wa kijiji humpanda wakati wa kwenda kisimani madumu yakiwa matupu. Naye akapanda. Punda yule ni mpole, ila bodaboda ikimpigia honi nyuma ya masikio hasubiri maelezo.

Akaanguka ametanguliza kiganja. Baadaye daktari alinieleza kwamba watoto wa umri huo, miaka mitano hadi minane hivi, ndivyo wanavyovunjika sana: kiganja kinagota chini, mkono umenyooka, uzito wote unapanda mpaka kwenye kiwiko, na mfupa wa juu ya kiwiko ni mwembamba mahali pale. Mimi wakati ule sikuwa na habari hiyo. Niliona kiwiko kimevimba na kimekaa upande ambao viwiko havikai, na mtoto analia kwa sauti ambayo hata mbwa walinyamaza.

Kabla sijamaliza kumketisha, ua ulikuwa umejaa. Mama yangu, yaani bibi yake, anataka aitwe mzee anayeunga mifupa, anakaa kijiji cha pili. Kaka yangu huko Dar simu haipatikani. Ilipopatikana akasema tusubiri amuulize rafiki yake aliyesomea udaktari. Baba mkubwa, aliye Dodoma mjini, akasema asiguswe na mtu mpaka afike, na gari hana. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo zikaanza kushuka pole na mikono ya sala, na binamu mmoja akatuma ujumbe mrefu wa sauti ambao mpaka leo sijausikiliza. Jirani akasema lazima tupitie polisi kwanza tuchukue PF3. Fomu ile ni ya aliyegongwa barabarani, aliyepigwa, aliyejeruhiwa na mtu. Punda hajawahi kufunguliwa jalada. Mwingine akasema tupige 115. Hiyo ni namba ya m-mama, ya kuwawahisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mvulana wa darasa la pili hahusiki, hata alie vipi.

Zamani tungesema kikao kile kilisababishwa na umbali. Mfupa uliovunjika vibaya ulikuwa safari ya Muhimbili, kwenye ile taasisi ya mifupa ya MOI iliyoundwa mwaka 1996, na safari hiyo lazima ukoo ukae uchange. Leo mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, ile tunayoiita General, kuna Benjamin Mkapa kule upande wa chuo kikuu tangu 2015, na Chamwino kwenyewe kuna Hospitali ya Uhuru, iliyojengwa kwa fedha zilizokuwa zitumike kwenye sherehe za Uhuru za mwaka 2018. Hospitali zimetusogelea. Kikao kimebaki na urefu wake ule ule.

Hapa naomba nimtetee mama yangu kidogo, maana najua wasomaji wa mjini wameshamhukumu. Mzee wa mifupa si tapeli. Anakuja nyumbani, hana foleni, anapokea kuku au ahadi ya kuku, na anazungumza na mgonjwa kwa Kigogo mpaka anatulia. Watoto aliowafunga wapo, wanachunga, wanacheza mpira, na mama zao watakuonyesha mkono uliopona. Mtu mwenye ushahidi wa macho yake huwezi kumwita mjinga.

Ila nimewafikiria sana watoto hao. Mfupa wa mtoto mara nyingi haukatiki vipande viwili. Unapinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi. Mfupa wa namna hiyo ukitulizwa unaunga wenyewe kwa wiki chache, na hata ukiunga umepinda kidogo, mtoto anavyorefuka unajinyoosha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sifa za mzee ni kazi ya mfupa wenyewe. Shida yake ni kwamba hana picha ya eksirei. Hawezi kujua kwamba huyu wa leo si wa kupinda, ni wa kukatika na kuhama mahali pake, na ncha yake imekaa jirani na mshipa wa damu unaoshuka kwenye kiganja. Wote anawafunga kwa vijiti vile vile na kamba ile ile. Halafu mkono unaendelea kuvimba usiku kucha, na kamba hailegei. Misuli ikikosa damu kwa saa kama sita inaanza kufa, na ikishakufa haifufuki: vidole vinajikunja na kubaki hivyo, na wapo watoto waliokatwa mkono uliokuwa wa kupona. Hogo la hospitali, yaani plasta ngumu, likibana lina hatari ile ile, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba ukiruhusiwa unaambiwa: vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au mtoto akilia kila ukimnyooshea vidole, rudi usiku huo huo, usingoje siku ya kliniki.

Haya yote sikumwambia mama siku ile. Mengine nilikuwa siyajui, na hata ningeyajua, mama hashindwi kwa hoja. Nauli ilikuwa kwenye pindo la khanga yake, fedha ya alizeti, na mimi mwalimu tulikuwa tarehe ambazo walimu wenzangu mnazifahamu. Nilichofanya ni kumwambia: mama, shika vidole vya mkono huu, sasa shika vya mkono ule. Akashika vya kulia, akashika vya kushoto, akarudia vya kulia. Akafungua pindo.

Mkono tuliufunga jinsi tulivyoukuta, bila kuunyoosha, juu ya kipande cha boksi, tukauning'iniza shingoni kwa khanga. Kwenye kifundo cha mkono huo alikuwa na shanga alizovishwa na binamu zake, na uvimbe ulikuwa unashuka. Nikazikata kwa wembe, zikamwagika, akalia kwa ajili ya shanga kuliko alivyolilia kiwiko. Jirani mwenye Noah akatupakia. Njiani hakuna la kusimulia isipokuwa mashimo.

Hospitali ya wilaya walimpa dawa ya maumivu, wakampiga picha, wakamfunga upya kwa namna ya kuachia nafasi ya uvimbe, wakatuandikia rufaa ya mjini bila kutuzungusha. Huko mjini ndiko nilikojifunza jinsi kitengo cha dharura kinavyofanya kazi. Nilifika nimejiandaa kwa foleni, kumbe pale foleni si ya aliyewahi kufika. Muuguzi alimshika mtoto kifundo kabla hajauliza jina lake, akitafuta mapigo. Akabonyeza ncha ya kidole na kutazama wekundu unarudi kwa kasi gani. Kisha akamwambia atengeneze duara kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Nilidhani anambembeleza kwa mchezo. Kumbe kuna mshipa wa fahamu unaopita mbele ya kiwiko, na ukiumia duara hilo halifungi. Mtoto hubana ncha za vidole ovyo. La kwake lilifunga. Baba mmoja tuliyemkuta alikuwa analalamika kwamba tumempita, na mwanawe amekaa anatafuna karanga. Mtoto anayetafuna karanga anaweza kusubiri, samahani baba.

Daktari akauliza: amekula saa ngapi? Hapo mama, ambaye alikataa kata kata kubaki nyumbani, akajibu kwa fahari kwamba asingeweza kumsafirisha mjukuu na njaa. Alimpa uji bakuli zima wakati sisi tunatafuta gari. Mfupa ule ulihitaji kurudishwa mahali pake mtoto akiwa usingizini, na dawa ya usingizi haitaki tumbo lililojaa, kwa sababu chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kama mapigo yangekuwa yamepotea wasingengoja, ila kwa kuwa damu ilikuwa inafika, tukakaa mpaka zikatimia saa zinazotakiwa. Mkumbuke hili kuliko mengine yote niliyoandika: aliyevunjika asipewe chochote mdomoni mpaka daktari aseme, hata kama bibi ananung'unika.

Kisha ikaja fomu ya ridhaa, na swali lenu, mhariri, likaulizwa na nesi kwa maneno machache: mzazi yuko wapi? Nikasema mimi shangazi yake. Kwetu shangazi ana uzito wa baba, ila fomu haijui mambo ya ukoo. Daktari akampigia kaka, akaweka sauti ya nje, akamweleza kwamba watauvuta mfupa na kupitisha pini nyembamba za chuma kuushikilia, ambazo hutolewa baada ya wiki tatu hadi nne. Kaka akasema: "Dada yangu yupo hapo, ndiyo mimi nipo." Nikasaini kama mlezi. Simu ile ilichukua muda mfupi kuliko salamu zetu za kawaida za Kigogo. Kumbe ilikuwa inawezekana tangu uani.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Msamaha wa matibabu kwenye hospitali za serikali ni kwa watoto walio chini ya miaka mitano, huyu ameshavuka. Mama alikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na aliitoa kwenye mfuko wa plastiki kwa heshima kama hati ya kiwanja. Ila mjukuu wa likizo hakuwamo kwenye kadi ya bibi. Aliyesajiliwa ndiye aliyetibiwa kwa kadi hiyo. Kaka alituma kwa simu, tukalipia dirishani. Wazazi mnaopeleka watoto vijijini, mkifungasha madaftari na nguo fungasheni na bima yao kama wanayo, au namba ya mtu atakayepokea simu usiku.

Tangu hapo kwenye ukoo wetu kuna makubaliano, ingawa baba mkubwa bado anayaita dharau. Mtu aliye na mtoto ndiye anayeamua. Anapiga simu moja tu kwa mzazi, akiwa ameshaanza safari, kumwarifu tumeelekea wapi. Wengine wote watume fedha kwanza, ushauri ufuate. Baba mkubwa anauliza: je, aliyepo akiamua vibaya? Swali la haki. Mimi najibu kwamba aliyepo anaviona vidole, na aliye mbali anasikia sauti tu. Akikosea, amekosea akiwa njiani kwenda mahali penye eksirei. Hajaniafiki, na sitegemei aniafiki kabla ya Pasaka.

Mvutano wa mwisho ulikuja hogo lilipotolewa. Kiwiko kilikuwa kimekakamaa, hakikunji wala hakinyooki, jambo ambalo baada ya kufungwa ni la kawaida na kwa watoto huachia taratibu. Mama alikuwa ameshaandaa mafuta ya nyonyo, tayari kuuchua na kuuvuta mpaka ukubali. Mtaalamu wa viungo akamkatalia: kiwiko kilichovunjika kikichuliwa na kuvutwa kwa nguvu kinaweza kujijengea mfupa mahali pasipotakiwa, kikazidi kukakamaa. Mtoto akikunje mwenyewe, kidogo kidogo, kwa shughuli zake. Mama akanyamaza, na mama akinyamaza ujue anatafuta mlango mwingine. Muda wote wa hogo mjukuu alikuwa anakula kwa kijiko, mkono wa kushoto, jambo lililomkera mama kuliko yule punda. Basi mama akauliza kama kula ugali kwa mkono wa kulia ni shughuli. Mtaalamu akacheka, akasema hakuna zoezi la kukunja kiwiko linaloizidi hiyo, afanye asubuhi, mchana na jioni. Mama akataka kujua kama ni kwa mboga yoyote, maana nyumbani kuna mlenda, nao unateleza, tonge linaweza lisifike.