Usianze na RAM, anza na mazabodi

Umeuliza kama inatosha kununua RAM ya ECC (inayogundua na kusahihisha makosa ya data yenyewe) tu kwa kompyuta itakayowaka nyumbani usiku na mchana. Haitoshi, ndugu. Prosesa na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) navyo lazima viikubali. Kimoja kikikataa, mashine inaweza kuwaka vizuri tu, lakini hakuna kosa litakalosahihishwa, na hutajua.

Kwa prosesa za AMD Ryzen 5000 za soketi ya AM4, kaa macho na zile zenye herufi G kwenye jina: bila neno PRO, ECC haifanyi kazi. Kwa Intel Core kizazi cha 12 hadi 14 tafuta mazabodi yenye chipseti ya W680, kisha hakiki prosesa yenyewe. Chukua RAM za aina ya UDIMM; zile za RDIMM ni za seva, kwenye mazabodi hizi hazitawaka kabisa. Na RAM ya DDR5 isikudanganye: ECC ya ndani ya chipu hailindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa.

Ukishika kijiti cha RAM ya DDR4, hesabu chipu: mara nyingi cha ECC kina 9 upande mmoja, cha kawaida 8. Ukishaweka Linux, tafuta neno EDAC (sehemu ya Linux inayoripoti makosa ya RAM) kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, kabla hujahamishia picha za familia.