Usipake rangi ya mimea juu ya rangi ya plastiki, mkuu. Yangu ilianguka pamoja na lipu

Mkuu, mwambie fundi aweke brashi chini. Hizo ndoo usizifungue. Kama hujalipa, usilipe.

Umeandika kwamba una nyumba ya bibi yako Bagamoyo, ya mawe ya matumbawe, na imepakwa rangi ya maji (hiyo ndiyo naiita plastiki) miaka nenda rudi. Mwanao ana pumu, kwa hiyo unataka rangi ya asili inayotokana na mimea. Ukauliza faida zake, bei, inadumu miaka mingapi, na kama inafaa bafuni. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo: "fundi kasema tupige msasa kidogo, tupake juu kwa juu." Hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike saa hizi za usiku.

Mimi nilifanya hivyo hivyo Mikindani, mwaka 2019, kwenye nyumba aliyotuachia babu. Kuta zake ni nene, ukikaa dirishani mkono unalala kwenye kizingiti mpaka kiwikoni. Nilikuwa namwandalia mama chumba cha chini, maana magoti yalishakataa ngazi. Naye kifua chake hakipatani na harufu ya rangi za dukani, hasa ile ya mafuta. Nikasoma, nikauliza, nikafika duka moja Dar linalouza rangi za asili kutoka nje.

Muuzaji alinieleza vizuri sana. Rangi imetengenezwa kwa mafuta ya kitani (yanayokamuliwa kwenye mbegu za mmea wa kitani) na utomvu wa miti, haina mvuke mkali wa kemikali, na inaruhusu ukuta kupumua. Sikuwa na sababu ya kumbishia, na mpaka leo sina ugomvi na rangi yenyewe. Ila nilimuuliza swali moja, na nililiuliza mara mbili: ukutani kuna rangi ya maji, matabaka kama manne hivi, na chini kuna kiraka cha simenti kimepanda mpaka kiunoni, itafaa? Akanijibu, "Haina shida kaka, hii inashika popote." Mtu anayeuza rangi ya kupumua anajua kabisa kwamba ukuta uliofunikwa plastiki haupumui. Alijua, au ilikuwa kazi yake kujua. Alitaka kuuza ndoo tu, na mimi nikanunua ndoo. Rangi ilinigharimu 2,700,000, fundi akachukua 600,000.

Ilipendeza jamani, siwezi kusema uongo. Rangi ya chai ya maziwa, imetulia, chumba hakina harufu hata siku ya pili yake. Mama akahamia, akaniombea dua. Miezi mitatu tukaishi kwa raha.

Mvua zilianza Desemba. Kufika Februari, ukuta wa upande wa bahari ulikuwa umeota malengelenge kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka, yakatoka maji machafu na mchanga mlaini. Nyuma ya ile ngozi ya rangi kulikuwa na unga mweupe uliochipua kama sufi. Ile ni chumvi. Nikakwangua, nikapiga msasa, nikapaka tena kile kilichobaki kwenye ndoo. Wiki tatu baadaye yakarudi, safari hii yamepanda juu zaidi.

Kisha usiku mmoja tukasikia kishindo. Kipande cha lipu, ukubwa wa mlango, kilikuwa kimeanguka hatua mbili kutoka kitanda cha mama. Asubuhi nilipovuta kabati nikakuta ukuta wa nyuma mweusi tii kwa kuvu. Mama alikuwa anakohoa tangu Januari, sisi tunadhani ni mafua. Nilimpeleka kwa dada yangu Mtwara mjini siku hiyo hiyo. Chumba nilichomtengenezea kwa ajili ya kifua chake ndicho kilichokuwa kinamuumiza. Sasa wewe unaniambia una mtoto wa pumu.

Aliyenifumbua macho ni mwashi mmoja mzee wa pale pale Mikindani. Hakuanza na maneno. Alichomeka ncha ya kisu kwenye ufa, akavuta taratibu, na rangi ikatoka kipande kizima kirefu kama ngozi ya nyoka: tabaka langu la mimea juu, chini yake plastiki ya miaka yote. Akanipeleka stoo, kwenye ukuta ambao babu hakuwahi kuupaka kitu zaidi ya chokaa. Mvua ni ile ile, bahari ni ile ile. Nikaweka kiganja: umekauka, una ubaridi mzuri, haujapasuka hata sehemu moja.

Nyumba za namna hii zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na chini hazina kizuizi cha kuzuia maji ya ardhini yasipande. Maji yanapanda, yanabeba chumvi, na yanatokea usoni mwa ukuta na kukauka kwa upepo. Wazee walijua, wakaupiga lipu ya chokaa na kuumalizia kwa niru (chokaa laini ya kulainishia uso), vitu vinavyopitisha unyevu. Ukija ukafunga uso huo kwa plastiki, maji hayaachi kupanda, yanakosa tu pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya rangi, inavimba, inasukuma. Ukiongeza simenti chini, maji yanatafuta njia juu ya simenti. Ndiyo maana unyevu wangu ulipanda mpaka kiunoni badala ya kuishia kwenye kifundo cha mguu. Kupaka rangi inayopumua juu ya hapo ni sawa na kumvua mtu shati zito, ukamvisha kanzu nyepesi juu ya koti la mvua, halafu ukashangaa anavyotoka jasho.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja, na nitairudia mpaka unichoke: uulize ukuta kwanza, rangi baadaye.

Na ukuta unaulizwa hivi. Chagua sehemu tatu: karibu na sakafu, usawa wa kifua, na karibu na dari. Lowesha kidole, pitisha. Chokaa inakunywa maji papo hapo na kuacha doa jeusi. Plastiki inaacha matone yamesimama. Kisha kwangua kidogo kwa kisu uone matabaka. Yakitoka kama karatasi ya nailoni, ni rangi ya maji. Ukigonga ukasikia mlio wa shimo, lipu imeshaachana na jiwe. Na ukikutana na rangi ya mafuta ya zamani, usiipige msasa mkavu hata kidogo, mtoto akiwepo au asipokuwepo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi (yale madini mazito), na vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Lowesha, kwangua ikiwa bado imelowa, zoa kila kitu, mtoto alale kwa ndugu.

Hapo hapo nikuambie kitu ambacho muuzaji hatakuambia: neno "mimea" peke yake si kinga. Rangi nyeupe ya risasi waliyopaka Ulaya karne na karne ilikuwa unga wa risasi uliosagwa kwenye mafuta ya kitani. Mafuta yalitoka kwenye mmea, na sumu ilikuwa ndani yake. Leo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa kila milioni kwenye rangi. Muulize muuzaji karatasi ya vipimo. Muulize pia kimumunyisho, yaani kile kinachoyeyusha rangi, ni nini, maana baadhi ya rangi za asili zinatumia mafuta ya maganda ya machungwa. Yananukia vizuri, lakini yanaweza kumkera mwenye pumu.

Mimi ilibidi nibandue kila kitu. Rangi, simenti, lipu iliyooza, mpaka matumbawe yakaonekana. Tukauacha ukuta uchi kuanzia Mei mpaka Oktoba ukaushwe na upepo wa kusi, tukawa tunafagia chumvi inayochipua kwa brashi kavu. Kisha lipu ya chokaa na mchanga, kisha chokaa ya kupaka. Jumla 5,900,000, ukiacha zile za mwanzo. Kama ningebandua kwanza ningeokoa rangi yote na miezi ya kikohozi cha mama.

Najua umeuliza rangi ya mimea nami nakuletea chokaa, ambayo ni jiwe lililochomwa. Kwa kuta zako chokaa ndiyo kazi, na mimea inaingia kama msaidizi. Matone ya mafuta ya kitani kwenye chokaa ya nje yanasaidia kufukuza maji ya mvua. Meksiko wanatia utelezi wa mpungate (aina ya kakati) ishike vizuri. Wachina wa zamani walijengea chokaa iliyochanganywa na uji wa mchele wa kunata. Ila usije ukaijaza mafuta, utakuwa umerudi kwenye kuziba. Na ni mafuta ya KITANI, si katani. Kuna jirani alitaka kumtuma kijana shamba la mkonge na dumu la lita 20.

Chokaa inapakwa nyepesi kama maziwa. Unalowesha ukuta kwanza, unatumia brashi ya katani, tabaka tano, na unasubiri siku nzima kati ya moja na nyingine. Ukipaka unaona kama hujapaka kitu, ukuta unaonekana kama maji tu. Usiongeze uzito. Nenda kanywe chai, ukirudi imeanza kuwa nyeupe yenyewe, kwa sababu inavuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe tena. Usiipake juani, itakauka kabla ya kushika na itakuachia unga kwenye nguo. Vaa miwani na glavu, chokaa inaunguza macho. Na uliza imetoka wapi: huku kwetu kuna miamba ya bahari iliyoharibiwa kwa kuchimbwa matumbawe ya kuchoma chokaa. Nunua ya mawe ya machimbo ya nchi kavu.

Ukitaka rangi, tia ngeu, yaani udongo mwekundu. Usitie manjano, ile bizari ya jikoni. Watu wanaposikia "rangi ya mimea" wanawaza manjano na hina, lakini manjano ikikutana na chokaa inageuka nyekundu hapo hapo. Jaribu kwenye kisosi uone. Kisha jua linaifuta.

Mafuta ya kitani yaliyobaki, paka milango na madirisha, huko ndiko yanakong'ara. Matabaka membamba, ufute yaliyozidi. Na yale matambara ya kufutia usiyakunje ukayatupa kona. Mafuta haya yakikauka yanatoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Tandaza nje yakauke, au yaloweke kwenye ndoo ya maji. Tafadhali sana hapo.

Mama amerudi chumbani kwake. Juzi nilimkuta amelaza kiganja ukutani, ananiambia, "Ukuta huu sasa ni kama wa baba."

Kesho asubuhi, kabla fundi hajafika, pitisha hicho kidole chenye maji sehemu tatu nilizokutajia na upige picha. Ziweke hapa tuzione.