Mdada unayetaka sprinti ya baiskeli, achana kwanza na safari za Tukuyu

Kila nikipiga tizi kule Uyole, Mbeya, lazima binti mmoja anisimamishe, dada na mimi nataka hizo mbio, naanzaje? Wengi wanadhani ni kumeza kilomita tu. Hata mi nilidhani hivyo, miaka miwili nzima naamka saa kumi na moja na baridi ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe, napiga masafa mpaka mji wa Tukuyu na kurudi, halafu nikiwekwa na mtu kwenye mita 200 naachwa kama nimesimama, yani nilijifanya punda wa masafa kumbe mbio zangu zinataka paka.

Sprinti ya velodromu ni kuviziana. Uwanja ni wa mbao, mita 250, kona zimeinuka digrii 40 na kitu, baiskeli haina breki wala friwili, yani gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka. Mko wawili, mizunguko mitatu, mnaanza polepole mpaka mwingine anaweza kusimama kabisa ili mwenzie atangulie, maana wa nyuma anakingwa upepo, alafu ghafla mnafumuka. Paris 2024 Mjerumani Lea Sophie Friedrich alipiga mita 200 za mchujo, zile unazokimbia peke yako kabla ya kupangiwa mpinzani, kwa sekunde 10.029, hiyo ni karibu kilomita 72 kwa saa kwa miguu yake mwenyewe jamani.

Sasa nguvu hiyo haipatikani Tukuyu. Mi siku hizi napiga skwati jimu, barabarani nakimbiza mara sita tu, sekunde kumi kumi, gia nzito, katikati nakaa pembeni dakika kumi na chai yangu ya chupa. Majirani wanasema nimekuwa mvivu. Mama yeye shida yake mapaja, suruali zote fundi kazitanua, nimemzoea.

Na usiniambie umri umeenda. Kelsey Mitchell wa Kanada alikuwa mcheza mpira, 2017 akapimwa nguvu za miguu akiwa na miaka 23, kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 akabeba dhahabu ya sprinti.

Ila kuanguka kupo, sikufichi. Anna Meares wa Australia alivunjika shingo Januari 2008, miezi saba baadaye akachukua fedha Beijing, na London 2012 dhahabu kabisa. Lakini Kristina Vogel, bingwa wa Olimpiki 2016, aligongana na mwenzie mazoezini 2018 na mpaka leo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Ndo maana nagombana na wanaofanyia sprinti barabara kuu katikati ya malori ya semi yanayoenda mpakani Tunduma, tena bila helmeti!

Sisi tunakutana Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kipande cha lami ambacho magari ni machache. Njoo hata na ile baiskeli ya kubebea viazi, mradi breki zinashika, maana hapa hatuna velodromu na mbele kuna ng'ombe wanavuka.